UZI: Mwenyekiti hafungi kikao peke yake. Namna ya kufunga kikao rasmi kisiache mgogoro nyuma

Katibu Mzoefu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nimekuwa katibu wa vikao vya kila aina: kamati ndogo, bodi, mikutano mikuu ya wanachama. Kuna jambo linaniuma kila ninapoliona. Ufunguzi wa kikao huandaliwa kwa makini: utambulisho, akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiamue) inahesabiwa, ajenda zinasomwa na kuthibitishwa, kumbukumbu za kikao kilichopita zinapitiwa ukurasa kwa ukurasa. Mwisho wa kikao unaachwa ujiendee wenyewe. Mmoja anatazama saa, mwingine anakusanya karatasi zake, mwenyekiti anasema "basi jamani, nadhani tumemaliza," na tayari nusu ya wajumbe wamesimama. Katikati ya kelele hizo mtu anapaza sauti: "Na lile la mchango tumekubaliana, siyo?" Wawili watatu wanaitikia. Mwezi unapita, mchango unadaiwa, na ugomvi unaanza: azimio lilipita kikao kikiwa bado hai au kilikuwa kimeshakwisha?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kikao rasmi hufungwa pale mambo mawili yanapokutana: ridhaa ya wajumbe na tamko la mwenyekiti. Wajumbe wakiridhia lakini mwenyekiti hajatamka, kikao bado kipo na hakuna anayepaswa kuondoka. Mwenyekiti akitamka bila ridhaa ya wajumbe, na bila katiba au kanuni kumpa uwezo huo, tamko lake lina walakini. Kufunga ni haki ya kikao. Mwenyekiti ni mdomo tu wa kuitamka haki hiyo.

Ridhaa inapatikana kwa njia tatu.

Ya kwanza ndiyo ya kawaida zaidi. Ajenda zimekwisha, mwenyekiti anauliza: "Ndugu wajumbe, kuna jambo lingine lolote linalopaswa kuletwa mbele ya kikao hiki?" Ananyamaza kidogo, na anyamaze kwelikweli, asiulize huku anafunga kalamu. Pasipo na jibu anasema: "Kwa kuwa hakuna jambo lingine, natamka kwamba kikao kimefungwa, saa ni kumi na dakika arobaini jioni." Hakuna hoja wala kura. Ukimya wa wajumbe waliopewa nafasi ya kusema ndio ridhaa yao.

Njia ya pili ni hoja. Mjumbe anaomba nafasi, anapewa, anasema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa hoja kikao kifungwe." Mwingine anaunga mkono. Mwenyekiti anawahoji: "Wanaoafiki waseme ndiyo. Wasioafiki waseme siyo." Zaidi ya nusu ya waliopiga kura wakiafiki, hoja imepita.

Ya tatu ni muda uliopangwa. Kama ratiba iliyopitishwa inasema kikao kiishe saa kumi na moja, saa hiyo ikifika mwenyekiti anatangaza kwamba muda umetimia. Wajumbe wakitaka kuendelea, waamue kuongeza muda kabla hajatamka kufunga.

Watu wengi hawajui kwamba hoja ya kufunga ina tabia zake. Vyama vingi duniani hufuata, kwa kujua au kwa kutojua, utaratibu uliokusanywa na Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyechapisha kitabu chake cha kanuni za vikao mwaka 1876. Kwa utaratibu huo, hoja ya kufunga inaweza kuletwa hata kama kuna hoja nyingine mezani, inahitaji wa kuiunga mkono, haijadiliwi na hairekebishwi. Inaamuliwa palepale. Lakini haimkatishi anayezungumza, na haiwezi kuletwa kura ikiwa inapigwa. Ikikataliwa, mtu asiilete tena dakika hiyohiyo. Asubiri shughuli ipige hatua kwanza.

Kwa nini haijadiliwi? Kwa sababu kikao kisichotaka kuendelea hakipaswi kulazimishwa kusikiliza hotuba kuhusu kama kiendelee. Ila zingatieni hili: kama hakuna kikao kingine kilichopangwa, na kufunga kutamaanisha mkusanyiko wenyewe umekwisha moja kwa moja, hoja hiyo inapoteza upendeleo wake. Inageuka kuwa hoja ya kawaida na inajadiliwa, maana sasa inazima kabisa mambo yaliyobaki. Naona busara kubwa hapo.

Karibuni tuchangie.

Mjumbe Mgeni

Asante sana mkuu kwa somo. Mimi ni mgeni kwenye kamati na nina swali. Kwetu kipengele cha "mengineyo" kinachukua muda mrefu kuliko ajenda zote. Kila mtu analeta la kwake, na mara nyingine pesa zinapitishwa humo. Ni sawa?

Katibu Mzoefu

Si sawa, na umegusa mahali penyewe.

Mengineyo ni kwa mambo madogo: taarifa, matangazo, kumbusho, pengine pole na pongezi. Jambo ambalo katiba yenu inataka wajumbe wapewe taarifa mapema, mathalani kubadili katiba, kumwondoa kiongozi au kuuza mali, halipitishwi kwenye mengineyo hata kama wote waliomo ukumbini wamenyoosha mikono. Fikiria mjumbe aliyesoma ajenda, akaona hakuna linalomgusa, akabaki kwake. Amefanya uamuzi kwa kuiamini karatasi mliyomtumia. Kumpitishia jambo zito mgongoni ni kumdhulumu.

Dawa yake ipo mwanzoni mwa kikao. Wakati wa kuthibitisha ajenda, mwenyekiti aulize nani ana mengineyo, katibu ayaorodheshe, na orodha ifungwe hapo. Mwishoni mnapitia orodha ile tu. Likizuka zito, mwenyekiti asiligombeze, aseme: "Hili linastahili nafasi kamili. Katibu, liandike liwe ajenda ya kikao kijacho." Aliyelileta anaondoka akijua limesikika, na kikao kinabaki salama.

Mweka Hazina

Mimi nina donda. Katika chama kimoja nilichohudumia, kila hoja ya matumizi ilipoanza kumwelekea vibaya mwenyekiti, alikuwa anasimama: "Nimefunga kikao!" Anachukua mkoba wake anatoka. Sisi tunabaki tunatazamana, kisha mmoja mmoja tunaondoka. Hesabu hazikupata kujadiliwa hadi mwisho. Tungefanya nini?

Mwanasheria Kijana

Dada Mweka Hazina, naomba nikujibu kwa upande wa sheria, kisha katibu ataongezea.

Jambo hilo lina zaidi ya miaka mia moja mahakamani. Mwaka 1894 huko Uingereza, katika kesi ya National Dwellings Society dhidi ya Sykes, mahakama ilisema wazi kwamba mwenyekiti hana uwezo wa kusimamisha mkutano kwa matakwa yake mwenyewe wakati shughuli iliyouitisha haijakwisha. Akijaribu kufanya hivyo na kuondoka, mkutano una haki ya kumchagua mwenyekiti mwingine na kuendelea na shughuli. Nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza zina msingi huohuo, ingawa katiba ya chama na sheria ya nchi husika ndizo zinazotazamwa kwanza.

Upo upande wa pili, na haki inataka tuutaje. Katika kesi ya John dhidi ya Rees, iliyoamuliwa mwishoni mwa miaka ya 1960, Jaji Megarry alikubali kwamba vurugu zikizuka mwenyekiti anaweza kuahirisha mkutano kwa uamuzi wake. Lakini aliweka mipaka: awe na nia njema, kwanza ajaribu kurejesha utulivu kwa njia nyingine, na kuahirisha kusizidi muda unaohitajika ili utulivu urudi. Kwa hiyo mwenyekiti anayekimbia maswali hawezi kujificha nyuma ya neno "vurugu". Maswali makali si vurugu.

Katibu Mzoefu

Wakili amemaliza kila kitu upande wa sheria. Mimi niseme la vitendo, maana sekunde zile chache baada ya mwenyekiti kutoka ndizo zinazoamua.

Kwanza, msisimame. Mkisimama mmeshalikubali tamko lake kwa miguu yenu. Pili, mjumbe mmoja aseme kwa sauti: "Kikao hakijaridhia kufungwa, naomba tuendelee." Ni vizuri zaidi kusema hivyo kabla mwenyekiti hajafika mlangoni, kwa heshima, ili apate nafasi ya kurudi kwenye kiti chake. Tatu, makamu akalie kiti. Kama hayupo, katibu awaombe wajumbe wachague mwenyekiti wa muda. Nne, hesabuni akidi upya kwa sababu watu wametoka. Ikiwa imepungua, hamwezi kuamua hesabu zile, lakini mnaweza kupanga siku ya kuendelea. Tano, kila kitu kiandikwe: nani alitamka nini, saa ngapi, nani alichukua kiti, idadi iliyobaki.

Mwandishi wa kumbukumbu asitoke na mwenyekiti. Yeye ni wa kikao, si wa mtu.

Na dada, pole sana. Najua inavyokuwa mtu kukaa na vitabu vya hesabu vilivyo sawa halafu akanyimwa nafasi ya kuvisoma.

Mjumbe Mgeni

Wakuu, nimeona mmetumia kufunga na kuahirisha. Tofauti yake kikazi ni nini? Na mapumziko je?

Katibu Mzoefu

Mapumziko ni dakika chache ndani ya kikao kilekile. Mkirudi mnaanzia neno mlipoachia, hakuna kusoma kumbukumbu wala kuhesabu mahudhurio upya, ingawa mimi huwa naitazama akidi.

Kuahirisha ni kusogeza sehemu iliyobaki ya kikao hadi saa au siku nyingine. Mkirudi siku hiyo, ni kikao kilekile kinaendelea. Msingi huu ni wa zamani sana, mahakama za Uingereza ziliusimamia tangu kesi ya Scadding dhidi ya Lorant mwaka 1851. Matokeo yake ni makubwa: mnaendelea na ajenda zilezile, hamwingizi mpya kinyemela. Na kuhusu taarifa, someni katiba yenu. Kwa mfano, katika kanuni za mfano za makampuni za Uingereza za mwaka 2008, mkutano ulioahirishwa ukiendelea baada ya siku zaidi ya 14, wanachama lazima wapewe taarifa ya angalau siku 7 kamili.

Kufunga ni kumaliza. Yaliyobaki yanakwenda kikao kijacho kama mambo ambayo hayajakamilika, na kikao hicho kitaitwa upya kwa utaratibu wake wote.

Kwa hiyo mwenyekiti achague maneno kwa uangalifu. Akisema "tunaahirisha" bila kutaja lini na wapi, wajumbe wanatoka hawajui wameachia wapi. Kuahirisha bila kutaja siku kuna mahali pake, lakini iwe ni uamuzi wa kikao, si kusahau.

Mzee wa Itifaki

Vijana wangu, nimewasoma tangu juu. Mnasema kweli, lakini naona mnataka kuvibebesha vikundi vidogo mzigo wa bunge. Watu saba wamekaa mezani, wanajuana, mnataka mmoja atoe hoja, mwingine aunge, wengine waseme ndiyo na siyo? Watachoka na kuacha kuhudhuria. Utaratibu ni kwa ajili ya watu.

Katibu Mzoefu

Mzee, shikamoo. Nakubaliana nawe zaidi ya nusu ya njia. Hata utaratibu wa Robert wenyewe umelegeza kamba kwa bodi ndogo, zile zenye watu wasiozidi kumi na wawili hivi: hoja hazihitaji wa kuziunga mkono, na mwenyekiti anaweza kujadili na kupiga kura kama wengine. Watu saba wanaojuana watumie njia ile ya kwanza, ya kuuliza na kunyamaza. Haifiki hata dakika.

Ninapokataa kulegeza ni kwenye tamko na saa. Hata mkiwa wanne. Mmoja wenu atakapogeuka kuwa mshitakiwa au mdai, urafiki wa meza ile hautakuwa shahidi. Sentensi moja ya mwenyekiti na mstari mmoja wa katibu vitakuwa.

Mzee wa Itifaki

Marahaba. Hapo kwenye tamko sina ubishi. Ila ongezea na shukrani. Siku hizi watu wanafunga kikao kama wanaozima taa. Wajumbe wametoa muda wao, washukuriwe.

Katibu Mzoefu

Ni kweli kabisa, na nafasi ya shukrani ni kabla ya tamko. Nimeona mwenyekiti anafunga kikao, kisha anaanza kushukuru, katika kushukuru anakumbuka jambo, analijadili, linaamuliwa. Uamuzi huo umeelea hewani.

Mpangilio ninaoupenda, ajenda ya mwisho ikiisha: kwanza katibu anasoma maazimio ya siku hiyo, kila moja na jina la atakayelitekeleza na siku ya mwisho. Hapa ndipo naomba mtumie muda wenu, hata kama mtapunguza kwingine. Kusoma maazimio watu wakiwa bado wamekaa kunafichua kutoelewana kote. Mmoja atasema "mimi sikukubali kulifanya peke yangu," mwingine "nilielewa ni mwezi ujao." Mnarekebisha kwa dakika tano kitu ambacho kingewagharimu kikao kizima baadaye. Kisha mengineyo yaliyoorodheshwa. Kisha siku na saa ya kikao kijacho. Shukrani. Tamko.

Na kama kufunga kumepitia kwa hoja, kura ikishapigwa bado mwenyekiti ana nafasi ndogo kabla ya kutamka. Anaweza kukumbusha jambo la lazima lililosahaulika, kutoa tangazo muhimu, kuruhusu mjumbe atoe taarifa ya hoja atakayoleta kikao kijacho, au kupokea hoja ya kupanga siku ya kuendelea. Ndiyo maana nasema wajumbe wakae hadi tamko.

Mweka Hazina

Na vikao vya mtandaoni? Huko mtu anapotea tu kwenye skrini bila hata kuaga.

Katibu Mzoefu

Huko tamko lina uzito zaidi, maana hakuna mlango wa kutazama. Kabla ya kura yoyote ya mwisho, katibu ahesabu waliomo wakati huo, si walioingia mwanzoni. Mwenyekiti atamke kufunga, katibu athibitishe kwamba saa imeandikwa, ndipo mwendesha mtambo azime. Mara nyingi mwendesha mtambo anazima mwenyekiti akiwa katikati ya sentensi. Mwambieni mapema asubiri ishara. Na yanayoandikwa kwenye ubao wa ujumbe baada ya tamko hayaingii kwenye kumbukumbu, hata kama ni mazuri.

Mwanasheria Kijana

Niongeze kidogo kuhusu dharura. Moto, mtikisiko wa jengo, mtu kuzidiwa: hapo mwenyekiti hasubiri hoja wala kura. Anatamka kikao kimesimama, watu watoke. Uhai kwanza. Akiweza ataje lini mtaendelea. Asipoweza, mtaitwa upya.

Mjumbe Mgeni

Swali langu la mwisho, mkuu, samahani kwa usumbufu. Kikao chetu kilichopita kilisambaratika. Hakuna aliyetamka kufunga, watu walitoka kidogo kidogo wakati tunajadili ajenda ya tano. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu, na nimeambiwa niandike tu "kikao kilifungwa saa kumi na mbili" ili ionekane vizuri. Niandike nini?

Katibu Mzoefu

Usiombe samahani, hili ndilo swali bora la uzi mzima.

Usiandike ulichoambiwa. Kumbukumbu ni ushahidi, na jina lako liko chini yake. Andika kilichotokea. Maazimio yaliyopitishwa akidi ikiwepo ni halali, hayafutwi na namna kikao kilivyoisha. Yoyote yaliyofanywa baada ya akidi kupungua yaandikwe kama mazungumzo, yasiitwe maazimio. Ajenda ya tano ipeleke kikao kijacho. Ukimaliza rasimu, mpelekee mwenyekiti aione kabla ya wajumbe, kwa heshima, umweleze kwa nini umeandika hivyo. Marekebisho yoyote yatafanywa na kikao kijacho wakati wa kuthibitisha kumbukumbu, mbele ya wote.

Aya ya mwisho iwe namna hii, ujaze saa na idadi zako:

"Wakati wa kujadili ajenda ya 5, wajumbe walianza kuondoka. Ilipofika saa … wajumbe waliobaki walikuwa …, chini ya akidi inayotakiwa na katiba. Hakuna uamuzi uliofanyika kuhusu ajenda ya 5. Kikao hakikutamkwa kufungwa. Ajenda ya 5 itaendelea kujadiliwa katika kikao kijacho."